Fidla moja inatoaje sauti mbili? Na asiyeona anajifunzaje kuipiga?

Cherehani_Makorora (Tanga)

Assalam alaykum wanajamvi, na kwa wengine habari za jioni.

Mimi ni fundi cherehani hapa Makorora. Nikiwa kazini simu inaimba pembeni. Kawaida yangu ni taarab za zamani, Black Star na Lucky Star, na sauti ya Shakila ndiyo inayonimalizia gauni. Muziki wa fidla wa Kizungu sikuwahi kuutafuta. Ukijileta wenyewe naupita.

Juzi nyimbo zilikuwa zinajiendea zenyewe kwenye simu, na mimi mikono yote miwili iko kwenye gauni la bi harusi, siwezi kugusa kitu. Ikaingia fidla. Hakuna ngoma, hakuna kinanda, hakuna mwimbaji. Ilianza kwa mapigo mazito, nyuzi kadhaa zinakwaruzwa kwa mpigo mmoja, kisha ikashuka ikaanza kusema, kujibu, kusema tena. Nilidhani itaisha upesi. Haikuisha. Ikafika mahali katikati ikageuka, ile huzuni yote ikalainika, ikawa kitu ambacho mimi sina jina lake. Nilikuwa na pini mdomoni. Nikazitoa, nikazichomeka kwenye mto wake, nikainua mguu kwenye cherehani, nikakaa kusikiliza mpaka mwisho.

Mtoto wa marehemu dada yangu, ninayemlea mimi, alikuwa mkekani ananichambulia vifungo. Ana miaka tisa na haoni. Macho yalimpotea baada ya surua akiwa mdogo sana. Anasoma shule ya wasioona kule Irente, Lushoto, na sasa yuko nyumbani kwa likizo. Vifungo anavichambua kwa vidole kuliko mimi kwa macho: vya matundu mawili huku, vya matundu manne kule, vilivyopasuka anavitupa kwenye kopo bila kuuliza.

Akaniuliza, "Mama mdogo, hao wako wangapi?"

Nikamwambia nadhani ni mtu mmoja. Akakataa katakata. "Wako wawili. Mmoja anashika ya chini, mwingine anazunguka huku juu. Wakati mwingine wanakuwa watatu."

Nikachukua simu nikaangalia. Picha ni ya Mjapani mmoja, peke yake, na fidla yake kidevuni. Jina lake Takayoshi Wanami, na kipande kinaitwa Chaconne, cha mtunzi Mjerumani Johann Sebastian Bach. Nikatafuta habari zake. Kumbe haoni tangu utotoni. Amezaliwa Tokyo mwaka 1945, fidla aliishika akiwa na miaka minne, akaja kupata tuzo kwenye mashindano ya Long-Thibaud kule Paris mwaka 1965 na ya Carl Flesch kule London mwaka 1970.

Naomba hili lieleweke: machozi yalinitoka kabla sijajua kuwa haoni. Nasema hivi kwa sababu najua wapo watakaoniambia nimeguswa kwa ajili ya mtoto wangu. Hapana. Niliguswa na kazi ya mikono ya yule bwana, basi.

Habari hiyo nilipomsomea mtoto, hakushtuka wala hakusema maskini. Aliuliza kitu kimoja: "Nani alimshika mkono?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia nitauliza, ndiyo hivi nauliza. Je, ni kweli fidla moja inaweza kutoa sauti mbili au tatu kwa pamoja, au kuna ufundi wa studio? Asiyeona anasomaje nota, na mikono yote miwili imeshika chombo? Na mtoto wa miaka tisa amechelewa, au bado ana nafasi, na fundi wa kumfundisha nimtafute wapi, hapa Tanga, Bagamoyo au nivuke Unguja?

Naomba msinijibu kwa huruma. Huruma anapewa kila siku barabarani, pamoja na sarafu. Mimi namtafutia mwalimu.

Gitaa_Mabawa (Tanga)

Waalaykum salaam dada yangu. Hongera kwa malezi.

Mimi napiga gitaa, fidla siijui, lakini nitasema ninaloliona. Hapa kwetu utapata taabu. Taarab ya Tanga ilijijengea jina kwa magitaa na vikundi vidogo, fidla tukawaachia wenzetu wa Unguja. Wapigaji wa gitaa nitakupa sasa hivi, wa fidla sina.

Halafu ni chombo kigumu hata kwa mwenye macho. Kwa nini usimwanzishe na kinanda? Kinanda vibao vyake havihami, ukivijua leo kesho viko palepale. Kuna Mjapani mwingine, Nobuyuki Tsujii, haoni tangu kuzaliwa, anapiga piano. Mwaka 2009 alishika nafasi ya kwanza kwenye mashindano ya Van Cliburn kule Marekani, yeye pamoja na Mchina mmoja, Haochen Zhang. Kinanda hata kwenye nyumba za kawaida siku hizi kinapatikana. Ni ushauri tu.

Fidla_ya_Pwani (Bagamoyo)

Dada wa Makorora, salaam. Nimesoma swali lako nikiwa nimeshika fidla yenyewe, nikaiweka chini nikujibu vizuri.

Kwanza, mwambie mwanao kasikia sawasawa. Mpigaji ni mmoja, lakini sauti alizozihesabu zipo kweli, Bach aliziandika. Fidla ina nyuzi nne, na zinapita juu ya kijibao chembamba kilichosimama chini yake. Kijibao hicho kimekatwa kwa mviringo, ndiyo maana upinde unaweza kugusa uzi mmoja bila kugusa wa jirani. Ukiulaza kidogo, unagusa nyuzi mbili kwa pamoja, hapo una sauti mbili za kweli. Nyuzi tatu au nne haziguswi zote kwa muda mrefu. Mpigaji anazivunja, anaanza na zile nene za chini, anazungusha mkono kwenda za juu. Hayo ndiyo mapigo mazito uliyoyasikia mwanzoni. Hakuna ufundi wa studio hapo.

Lakini sehemu kubwa si nyuzi mbili kwa pamoja. Ni kwamba Bach anakugusia sauti ya chini mara moja, anaiacha, anakimbilia juu, na sikio lako linaendelea kuibeba ile ya chini mpaka airudie. Msikilizaji wa juujuu anasikia mstari mmoja unaopanda na kushuka. Mwanao kasikia anayeshika chini na anayezunguka juu. Wapo watu wazima waliosoma muziki ambao ilibidi waoneshwe kwenye karatasi ndipo wakasikia hivyo.

Kipande chenyewe ni cha mwisho katika Partita ya pili, yaani mfululizo wa vipande vya fidla peke yake, na nakala ya mkono wa Bach ina tarehe ya mwaka 1720. Kinachukua kama dakika kumi na nne hivi. Msingi wake ni mfupi, vipimo vinne tu, basi unarudiwa na kurudiwa, na kila ukirudi umevaa jambo jipya. Pale ulipotoa pini mdomoni, nadhani ni pale kinapotoka Re ya huzuni kuingia Re ya furaha. Mimi mwenyewe nimekipiga kwa miaka na pale sijawahi kupazoea. Kisha kinarudi kwenye huzuni na kumalizia huko.

Sasa ndugu yangu Gitaa_Mabawa, nakuheshimu, ila kwenye hili sikubaliani nawe. Shingo ya gitaa ina vile vyuma vya kukuonesha pa kubana. Fidla haina. Ni laini tupu kutoka juu hadi chini, sawa na udi. Mimi mwenye macho mawili nikiangalia shingo ya fidla yangu sioni kitu cha kunisaidia. Kidole kinatua, sikio linasema umezidi au umepungua, kidole kinasogea unywele mmoja. Mkono ukipanda juu, kiganja kinagusa bega la fidla, hapo najua nimefika wapi. Yote hayo ni ya sikio na ngozi. Macho yangu muda wote yako kwenye karatasi ya nota, na Wanami karatasi haihitaji. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, katika vyombo vyote hiki ndicho ambacho asiyeona na anayeona wanaanza karibu mstari mmoja.

Palipo na ugumu wa kweli ni mkono wa kulia. Upinde unatakiwa uende umenyooka, ukate nyuzi kama msalaba, kati ya kijibao na mwisho wa shingo. Mtoto anayeona tunamsimamisha mbele ya kioo. Asiyeona hana kioo, na hawezi kuiga kwa kutazama kiwiko cha mwalimu. Ndiyo maana swali la mwanao limenigusa sana. "Nani alimshika mkono?" Ndivyo inavyofanyika hasa. Mwalimu anasimama nyuma ya mtoto, anashika kifundo cha mkono na kiwiko, wanavuta upinde pamoja, taratibu, siku nyingi, hadi bega la mtoto likumbuke njia. Baadaye sauti yenyewe inachukua ualimu: upinde ukitelezea kwenye kijibao sauti inakuwa kali, ya kukwaruza, ukisogea kwenye shingo inakuwa nyepesi, haina kiini. Mwenye sikio la kuhesabu sauti tatu ndani ya Chaconne hizo atazitambua upesi.

Mwalimu asiyekubali kumshika mtoto mkono, mkimbie, hata awe na vyeti vya kujaza ukuta.

Mwalimu_Nukta (Korogwe)

Shikamoo kwa wakubwa. Nami nichangie kwenye nota, maana nimefundisha nukta nundu, yale maandishi ya nukta zilizoinuka ambayo asiyeona huyasoma kwa vidole, kwa miaka mingi.

Dada, mwanao tayari ana nusu ya kazi mkononi. Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809, aliumia jicho akiwa na miaka mitatu kwenye karakana ya baba yake, likaharibika na la pili. Alikuwa mwanamuziki pia, akipiga ogani makanisani Paris. Kitabu chake cha kwanza cha nukta, cha mwaka 1829, kilikuwa na muziki ndani yake. Kwa hiyo nota za nukta nundu ni umri mmoja na herufi zake.

Zinatumia zile zile nukta sita za kila herufi. Nne za juu zinataja sauti: herufi d inakuwa Do, e inakuwa Re, f inakuwa Mi, na kuendelea hadi j ambayo ni Si. Nukta mbili za chini zinaonesha urefu wa sauti. Mtoto anayesoma nukta nundu darasani anaweza kuanza kusoma nyimbo fupi bila kujifunza alama ngeni nyingi.

Ulichouliza kuhusu mikono ni sahihi kabisa, na hapo ndipo mpiga fidla anapobeba mzigo kuliko mpiga piano. Wa piano anaweza kusoma kwa mkono wa kushoto huku wa kulia unapiga, kisha akabadilisha. Wa fidla hawezi. Anasoma kipande kidogo kwa vidole, anakishika kichwani, anaiinua fidla, anapiga, anaiweka, anasoma kingine. Dakika zote za Chaconne ulizosikia zilipita kwenye ncha za vidole au masikioni kwanza, kisha zikakaa kichwani moja kwa moja. Wengine husaidiwa na mtu wa kuwapigia polepole ili washike kwa sikio. Wengi huchanganya njia zote mbili.

Na asije mtu akakwambia Afrika hakuna mfano. Cairo kuna jumuiya ya Al Nour Wal Amal, ilianzishwa mwaka 1954 kwa ajili ya wanawake na wasichana wasioona, na ina okestra yao wenyewe. Wanapiga Mozart, wanapiga muziki wa Kiarabu, wamezunguka nchi nyingi. Safu nzima ya fidla ni wanawake wasioona, jukwaani hakuna karatasi hata moja.

Cherehani_Makorora

Allah awalipe kheri nyote. Nimemsomea mtoto kila neno. Nilipofika kwenye "sauti alizozihesabu zipo kweli" alinyamaza, kisha akaomba tukiweke tena kile kipande. Ameanza kunyoosha mkono wa kulia hewani na futi yangu ya mbao, anavuta huku na huku. Nimejaribu kumshika kiwiko kama ulivyoeleza, kaka wa Bagamoyo, ila mimi mwenyewe sijui njia inakopita.

Kaka wa gitaa, nimekusikia, na kinanda nimemuuliza. Kasema vibao vya kinanda "vimeshapikwa". Anataka cha kutafuta mwenyewe.

Mmebakiza la umri. Na la pili: hao wanawake wa Cairo wanaanzaje kwa pamoja, na kiongozi wa okestra hawamwoni?

Fidla_ya_Pwani

La umri lina jibu zuri. Yuko Mjapani mwingine wa fidla, Narimichi Kawabatake, amezaliwa mwaka 1971. Huyu aliona kama sisi hadi miaka minane. Akiwa safarini Marekani akaugua, akatumia dawa, zikamletea maradhi mabaya ya ngozi na macho yanayoitwa Stevens-Johnson. Fidla alianza akiwa na miaka kumi. Akasoma Toho Gakuen kwao Tokyo, akaenda Royal Academy of Music ya London, na hadi leo kazi yake ni jukwaa. Mwanao ana tisa. Hajachelewa.

La kuanza pamoja: kiongozi hupiga vipimo kwa sauti wakati wa mazoezi, wanavikariri kama wanavyokariri sauti zenyewe. Jukwaani wanasikilizana pumzi. Hata sisi tunaoona, mpiga fidla wa mbele anavuta pumzi puani kabla ya pigo la kwanza, na ile pumzi ina kasi ya wimbo ndani yake. Nilishapiga maulidi na harusi umeme umekatika, giza totoro, na hakuna aliyepotea.

Mfamasia_wa_Pangani

Samahani kuingilia, ni fupi. Kwa kuwa Stevens-Johnson imetajwa, wazazi mjue haiko Japani tu. Mara nyingi huletwa na dawa, na kati ya zinazojulikana kuileta ni zile zenye salfa kama kotrimoksazoli, baadhi ya dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini, na nevirapini. Haimpati kila mtu, ni nadra, kwa hiyo msiache dawa zenu kwa hofu. Ila mtu aliyeanza dawa mpya akipata homa, macho mekundu yanayouma, vidonda mdomoni na malengelenge au ngozi kuchubuka, asisubiri kesho. Aende hospitali na pakiti ya dawa mkononi. Macho huokolewa mapema au hayaokolewi.

Na dada, kwa surua ni chanjo na vitamini A. Wadogo zake na majirani, usiwaache.

Cherehani_Makorora

Ahsante sana dokta. Kadi za kliniki za watoto wa jirani nimeanza kuzikagua mwenyewe.

Kaka wa Bagamoyo, sasa niambie nianze wapi kwa vitendo.

Fidla_ya_Pwani

Sawa dada, haya ndiyo ya kufanya.

Usinunue fidla bado. Fidla za watoto zina saizi, na wa miaka tisa mara nyingi huangukia nusu au robo tatu, kutegemea urefu wa mkono. Anashika fidla kidevuni, ananyoosha mkono wa kushoto, vidole vizunguke kichwa cha fidla bila kunyooka kupita kiasi. Ukinunua kubwa bega litaumia na atakichukia chombo bure. Zile za bei ya kutupa sokoni nazo uziogope: vigingi vyake havishiki, nyuzi zinalegea kila baada ya wimbo, na mtoto mwenye sikio kama la wako atateseka kwa kusikia kitu kibovu ambacho si kosa lake.

Unguja kuna DCMA, Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, pale Mji Mkongwe, tangu mwaka 2002. Wanafundisha fidla, udi na ganuni. Hapa Bagamoyo ipo TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Waandikie wote, uwaeleze wazi kuwa mtoto haoni na anasoma nukta nundu, uulize yupi kati ya walimu wao wa nyuzi yuko tayari kufundisha kwa kushika mkono. Waulize pia kuhusu likizo, kwa sababu shule yake ya Irente asiiache.

Wakati unasubiri majibu, mlete hapa kwangu likizo hii. Nina fidla ndogo ya nusu. Siku ya kwanza hatapiga kitu. Ataishika yote: kichwa, vigingi, mashimo mawili ya tumboni, kijibao, upinde na singa zake za mkia wa farasi, kipande cha ulimbo tunachopaka singa ili zishike nyuzi. Nitampigia Sol, Re, La na Mi huku kiganja chake kiko mgongoni mwa fidla, asikie mbao zinavyotetemeka, kila uzi kwa namna yake. Kisha nitamwonesha namna Waarabu wanavyofunga hizo hizo nyuzi, Sol, Re, Sol, Re, maana fidla ya taarab ilitujia kwa njia ya Misri, na yeye mtoto wa Tanga asije akadhani chombo hiki ni cha Bach peke yake.

Nitasimama nyuma yake, na wewe utasimama nyuma yangu na mkono wako juu ya wangu, ili ukirudi Makorora uwe unaijua njia ya kiwiko. Mkate kucha za mkono wa kushoto fupi kabisa kabla ya kupanda basi, na avae shati lisilo na ukosi mgumu.